Kabla ya kufunga tairi kubwa kwenye fowili, lipime likiwa limebanwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote gereji ni hili: "Fundi, hili gari linabeba inchi ngapi?" Anamaanisha kipenyo cha tairi. Huwa sijibu hapo hapo. Namuuliza mwenye gari: likiwa limesimama sakafuni, au likiwa gurudumu moja limepanda jiwe, springi imekwisha kabisa na usukani umekatwa hadi mwisho? Jibu la kwanza linatosha kama gari ni la kupigia picha. La pili ndilo linaloamua kama madigadi yako yatapona.

Tuanze na namba zilizo ubavuni mwa tairi. Chukua 265/70R17, saizi ambayo fowili nyingi, magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, hutoka nayo kiwandani. Tairi lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5, na rimu ni ya inchi 17. Jumlisha rimu na ubavu wa juu na wa chini, unapata kipenyo cha karibu milimita 803. Sasa panda hadi 285/70R17, saizi ambayo karibu kila mtu anaitaka. Kipenyo kinafika milimita 831. Umeongeza milimita 28, ila difu, ile gia ya katikati ya ekseli, haikunyanyuka milimita 28. Imenyanyuka 14 tu, maana nusu ya nyongeza iko chini ya ekseli na nusu nyingine iko juu, inaelekea kwenye madigadi. Na upana nao umeongezeka milimita 20.

Hapo mtu ananiambia, "Basi tuweke springi ndefu." Sawa, springi ndefu inainua gari likiwa limetulia. Lakini ukiingia korongoni, gurudumu linapanda mpaka ekseli igonge ile raba ya kizuizi kwenye chasi. Kama raba ni ile ile ya zamani, gurudumu litafika pale pale lilipokuwa likifika kabla hujainua gari. Springi haijaongeza nafasi hata kidogo kule juu, imepunguza tu mara ambazo tairi linafika huko. Ukitaka nafasi ya kweli, ama uweke raba ndefu zaidi na ukubali kupoteza sehemu ya mwendo wa springi, ama ukate madigadi. Nimeona magari yaliyoinuliwa vizuri kabisa, yana plastiki ya ndani ya madigadi iliyochanika kama nguo iliyonaswa kwenye miba.

Mimi napima hivi. Naomba tairi moja tu la saizi inayotakiwa, limefungwa kwenye rimu itakayotumika kweli, si nyingine. Gari linakaa juu ya stendi imara, chasi ikiwa imeshikwa. Jeki peke yake siiamini mtu akiwa chini ya gari. Natoa koili (springi) ya mbele na shokomzoba, kisha nainua gurudumu kwa jeki ya pili mpaka raba ikutane na chuma. Napaka chaki mabegani mwa tairi, halafu nazungusha usukani taratibu, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Popote tairi linapogusa, chaki inabaki pale. Mara nyingi alama inakuwa nyuma ya gurudumu la mbele, chini karibu na mlango, pale bodi inapofungwa kwenye chasi. Baada ya hapo ni kona ya bampa. Kwa ndani naangalia mkono wa juu wa sasipenshi, stebiliza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na hosi ya breki, maana hosi ikivutika au ikisuguliwa huko hutaijua mpaka siku unayoihitaji.

Saizi ya tairi ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni rimu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tazama namba inayoanza na ET. Inaonyesha uso wa rimu unaokaa kwenye habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Mtu akitoka kwenye rimu ya inchi 8 yenye ET30 akaenda inchi 9 yenye ET0, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 43, na ule wa ndani unasogea mbali na mkono wa juu milimita 17. Anafurahi kwamba ndani pamepata nafasi. Ila tairi lililotoka nje huchora duara kubwa zaidi unapokata usukani, kwa hiyo linaanza kugonga bampa na bodi mahali ambapo tairi hilo hilo, kwenye rimu ya kiwandani, lingepita bila kugusa. Juu ya hayo, beringi zinabeba mzigo kwa mbali zaidi na kila shimo unalihisi mikononi. Ushauri wangu: toka nje kiasi cha kuukwepa mkono wa juu tu, usizidishe.

Na usidanganyike na matundu ya nati. Hilux, Prado na Patrol Y61 zote zina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7, lakini tundu la katikati kwa Hilux ni karibu milimita 106 na kwa Patrol hiyo ni 110. Rimu ya Patrol itaingia kwenye Hilux, ila itakaa imelegea, haishikwi na habu. Angalia pia nati. Za koni na zile bapa zenye washa hazibadilishani. Kaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukazia, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Kuhusu kipenyo cha rimu, chagua ndogo kadiri breki zinavyoruhusu. Rimu ya inchi 20 inakula ubavu, na ubavu ndio unaokufanyia kazi kwenye mawe na mchanga.

Kwa 285 injini haitalalamika sana. Spidomita ikisoma 100 utakuwa unakimbia karibu 103.5, na kilomita zitahesabiwa pungufu kwa kiasi hicho, kwa hiyo usilaumu ulaji wa mafuta kabla hujarekebisha hesabu. Tairi la inchi 35 ni habari nyingine. Kipenyo ni milimita 889, na difu ya 3.90 (shafti inazunguka mara 3.90 gurudumu likizunguka mara moja) inafanya kazi kana kwamba ni 3.52. Gari linakuwa zito kuondoka, giaboksi ya otomatiki haitulii kwenye gia moja mlimani, na mteremkoni kwa gia ya chini injini haikushiki kama zamani. Dawa ni difu za 4.30, na zibadilishwe mbele na nyuma kwa pamoja. Breki nazo zina kazi ya ziada, kwa sababu uzito ulioongezeka uko mbali na katikati ya gurudumu. Asiye na bajeti ya difu na breki, namwambia asifikirie 35.

Upepo ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango ulikuwa wa tairi la zamani. Tairi zito lenye herufi LT, lililotengenezwa kwa magari madogo ya mizigo, huhitaji upepo zaidi kubeba mzigo ule ule. Pima asubuhi likiwa baridi, endesha kama saa moja kwa mwendo wa kawaida barabarani, pima tena. Likipanda karibu psi 4, uko sawa. Likipanda zaidi ya 6, upepo ulikuwa mdogo na ubavu unajikunja mno, ongeza. Likipanda psi 1 au 2 tu, punguza kidogo. Hakikisha namba ya mzigo haishuki chini ya ile ya tairi la kiwandani: 112 ni kilo 1120, 121 ni kilo 1450.

Na kama shida yako ni mchanga peke yake, jaribu kwanza kushusha upepo wa matairi uliyo nayo hadi psi 18. Unaweza usinunue kitu kwangu.

Sheria za kuongeza kipenyo hutofautiana nchi na nchi, na bima pia. Uliza kabla ya kulipa. Halafu kuna spea, ambayo watu huikumbuka wa mwisho. Lazima iwe saizi moja na mengine, la sivyo difu itazunguka bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka. Pima nafasi yake chini ya gari siku ile ile unayopima mbele. Ikigusa eksozi au bampa, itabidi ihamie mlango wa nyuma, na bawaba za mlango huo zilitengenezwa kwa tairi jepesi zaidi, au hazikutengenezwa kubeba tairi kabisa.