Je, wajua kwa nini ukikanyaga breki kwenye gari kuukuu, mshale wa indiketa unaweza kuwaka wenyewe?

Pikapu moja ya mjini Kigoma, iliyobeba magunia ya chumvi kutoka Uvinza kwa miaka mingi, ilimsumbua mwenyewe kwa tatizo lililoonekana halina mantiki. Kila alipokanyaga breki, mshale wa kijani wa indiketa ya kushoto uliwaka kwenye dashibodi, na papo hapo taa zinazomulika geji zilitoa mwanga hafifu, ingawa swichi ya taa ilikuwa imezimwa. Alikwisha kununua balbu mpya, flasha mpya (kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima) na swichi mpya ya breki, na hali haikubadilika. Chanzo cha yote hayo kilikuwa boliti moja ya spana namba 10 iliyoshika kutu.

Ili kuelewa jinsi boliti inavyoweza kuwasha taa ambayo hakuna aliyeiwasha, ni lazima kwanza tujue kwamba umeme wa gari hausafiri kama ule wa nyumbani. Nyumbani kila balbu ina waya wa kuleta umeme na waya wa kuurudisha. Katika gari la chuma, waya wa kuleta hutoka kwenye chanya ya betri ukipitia fyuzi na swichi, lakini safari ya kurudi hufanywa na bodi lenyewe, ambalo limefungwa kwenye hasi ya betri kwa waya mnene. Watengenezaji walichagua mpango huo kwa sababu unapunguza sana shaba inayohitajika. Njia hiyo ya kurudia ndiyo mafundi huiita ethi, na kila taa ya nyuma huifikia kwa waya mfupi unaobanwa na boliti kwenye chuma.

Sasa fikiria kwamba boliti ya taa za nyuma za kushoto imeshika kutu. Ndani ya kasha moja la taa hizo mna uzi wa breki wa wati 21 (uzi ni ule waya mwembamba unaowaka ndani ya balbu), uzi wa taa ndogo wa wati 5 na balbu ya indiketa ya wati 21, na zote hurudisha umeme kupitia boliti hiyo hiyo. Dereva anapokanyaga breki, umeme hupita kwenye uzi wa breki kama kawaida, kisha hufika mahali pa kutokea na kukuta pamezibwa. Watu wengi husema umeme hufuata njia nyepesi peke yake, lakini si hivyo: hugawanyika katika kila njia iliyo wazi, na njia yenye ukinzani mdogo, yaani isiyouzuia sana umeme, hupata sehemu kubwa zaidi. Basi sehemu moja huingia kinyumenyume katika balbu ya indiketa, hufuata waya wake hadi mbele ya gari na kwenye mshale wa dashibodi, ambako ethi ni nzima. Sehemu nyingine hurudi nyuma kupitia uzi wa taa ndogo, hutokea kwenye waya unaolisha taa zote ndogo pamoja na zile za geji, na hapo ndipo geji zinapomulikwa.

Jambo linalonitia hofu zaidi hutokea usiku. Taa ndogo zikiwashwa, waya wao tayari unakuwa na volti 12, kwa hiyo umeme wa breki hauwezi tena kutorokea huko, na taa ya breki ya upande huo hufifia kuliko mchana, wakati ule ule ambao dereva wa nyuma anaihitaji.

Kwa nini boliti hii na si nyingine? Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, jambo linaloharakisha kutu. Mvua za Kigoma zinaponyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, mabaki ya chumvi huyeyuka na kuchuruzika hadi kwenye kona ya bodi, mahali ambapo waya wa ethi umefungwa.

Mafundi walikuwa wameipima boliti hiyo kwa mita ya umeme, na mita ikalia kuashiria kwamba waya umeshika. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Mita nyingi hulia hata pale ukinzani unapofika omu 20, na kipimo hicho hufanywa kwa mkondo mdogo sana, mara nyingi usiozidi elfu moja ya ampia. Uzi wa breki ukiwaka una ukinzani wa karibu omu 7 tu, nao huhitaji takriban ampia 1.75. Kutu inayopitisha mkondo wa kuliza mita, basi, inaweza kuwa ukuta kwa mkondo wa kuwasha taa.

Kipimo cha kuaminika ni kile kinachofanywa umeme ukiwa kazini. Mita huwekwa kwenye volti, ncha moja hugusishwa hasi ya betri na nyingine chuma cha kasha la taa, kisha mtu hukanyaga breki. Ethi nzima haizidi volti 0.2 au karibu na hapo. Katika pikapu ile mita ilisoma volti 6 na ushee. Asiye na mita anaweza kuvuta waya mrefu kutoka hasi ya betri hadi kwenye kasha hilo: mshale ukizimika na taa ya breki ikang’aa, kosa liko kwenye ethi, na hakuna haja ya kununua balbu nyingine.

Boliti ilifunguliwa, chuma kikasuguliwa kwa msasa hadi kikang’aa, kichwa cha waya kikabadilishwa, na baada ya kukaza fundi akapaka grisi juu ili maji yasiingie tena. Breki ilipokanyagwa, mita ilisoma volti 0.08, na dashibodi ikabaki giza.