Usiniulize kama ni i7, niulize ni ya mwaka gani

Juzi baada ya alasiri, mama mmoja wa Matondoni aliingia karakanani kwangu hapa Langoni, Lamu, na kitu kilichofungwa ndani ya leso. Alikifungua taratibu kana kwamba kina mayai. Ilikuwa laptopu. "Fundi, mwanangu ameitwa chuo Kilifi. Baba yake amemletea hii kutoka Mombasa, na wauzaji wamemwambia ni i7, hakuna iliyo juu yake. Basi mbona inakawia hivi?"

Niliiwasha nikaangalia saa. Dakika mbili na nusu zilipita kabla ya skrini kutulia. Nikaizima, nikaingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, nikasoma: i7-3520M, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Prosesa hiyo, yaani ubongo wa mashine, ilitoka mwaka 2012. Mume wake alitoa shilingi 32,000.

Hiyo ni ya nne tangu Idi. Wote wanne walikuja na stika ileile ya buluu, wote walisema neno lilelile, "lakini ni i7," na pesa walizotoa zingewapatia mashine bora zaidi, pengine kwenye kabati lilelile la duka lilelile. Nimechoka kulieleza hili kwa mteja mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

i3, i5 na i7 ni nafasi ya mtoto darasani. Hazikuambii ni darasa gani. Aliyeshika namba moja darasa la nne ni hodari, hilo halina ubishi, lakini ukimkalisha na watoto wa kidato cha pili atashindwa hata na yule wa katikati. Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizi, walitoa i7 ya kwanza mwishoni mwa 2008, na wakaendelea kulitumia jina hilohilo kizazi baada ya kizazi mpaka walipoanza kuiondoa ile herufi "i" mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo ukiniambia "i7" na ukanyamaza, umenitajia miaka kumi na tano ya prosesa kwa mpigo mmoja.

Kizazi kinasomwa kwenye namba inayofuata. 3520M inaanza na 3: kizazi cha tatu. 8250U ni cha nane. Ikianza na 1, soma tarakimu mbili: 10210U ni cha kumi, 1135G7 cha kumi na moja, 1215U cha kumi na mbili. Herufi ya mwishoni nayo ina maneno yake. U ni prosesa ya umeme mdogo, kwa kawaida wati 15. M ya zamani mara nyingi ni wati 35. H na HQ ni za mashine nene zenye feni kubwa, wati 45. Hapo mambo ya kukariri yameisha.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera hasa, maana hata mafundi wenzangu hulikosea.

Chukua prosesa mbili za mwaka mmoja, 2017. Ya kwanza ni i7-7600U iliyotoka mwanzoni mwa mwaka, ya pili ni i5-8250U iliyotoka Agosti. Muuzaji atakuonyesha gigahezi: i7 ina 2.8, i5 ina 1.6. Nani hataichukua i7? Lakini ile i7 ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanya kazi kwa wakati mmoja, na i5 ina vinne. Mpaka kizazi cha saba, i7 za U zilikuwa na viini viwili, sawasawa na i5 za wakati wao. Kizazi cha nane kilipofika, Intel wakaweka vinne ndani ya wati zilezile 15. Namba ile ya gigahezi ni mwendo wa chini unaoahidiwa wakati viini vyote viko kazini. Yenye viini vinne huandikiwa mwendo mdogo kwa sababu wati 15 zinagawanywa mara nne, na ikipata nafasi hupanda mpaka 3.4. Kwa hiyo namba iliyo ndogo kwenye stika ndiyo yenye mashine kubwa ndani, na mzazi anayesoma stika kwa uangalifu wote anaishia kuchukua iliyo dhaifu. Hilo linaniuma. Mtu amejitahidi kusoma, na kusoma kwenyewe ndiko kulikomponza.

Haya, tuseme mteja ameelewa, ameshika kizazi cha nane. Sasa ananiuliza achukue i5-8250U au aongeze 7,000 apate i7-8550U. Zote zina viini vinne, zote wati 15. Tofauti ni 1.6 kwa 1.8 chini, 3.4 kwa 4.0 juu, na akiba ya ndani ya prosesa (cache) ya MB 6 kwa MB 8. Ile 4.0 huipata kwa muda mfupi, ikiwa baridi. Hapa kwetu haiwi baridi. Chumba cha Lamu mwezi wa pili, feni ya dari inazungusha hewa ya moto, laptopu imewekwa juu ya mto kitandani, matundu ya chini yamezibwa. Nimeziweka mbili za namna hiyo mezani, bodi ya aina moja na feni ya aina moja, nikazipa kazi ya kubadilisha video ndefu ya harusi. Dakika chache za mwanzo i7 ilitangulia. Halafu joto likapanda, zote mbili zikajishusha, na zikaenda sambamba mpaka mwisho. Zile 7,000 ziweke kwenye RAM. GB 8 ndiyo ya chini kabisa siku hizi, na 16 ni raha.

Diski sitaki hata kuijadili: SSD, ile isiyozunguka, basi. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa na afya na faili zikiwa zimepangana, SSD ya SATA, aina ya zamani, inakaribia 550, na ya NVMe, aina mpya zaidi, hupita 3,000. Zaidi ya namba hizo, SSD haina sindano ya kukimbiakimbia kutafuta vipande vya faili.

Walioanza kuelewa vizazi huja na kosa la pili, na hili ni la AMD, washindani wa Intel, wenye prosesa za Ryzen. Kuna Ryzen 5 5600U ya 2021 na Ryzen 5 7520U iliyokuja baadaye. Ukitumia kanuni ya Intel utasema 7 ni kubwa kuliko 5, utachukua 7520U. Hapo AMD wamebadilisha maana: ile 7 ni mwaka wa kuuzwa, na usanifu wenyewe unasomwa kwenye tarakimu ya tatu. 7520U, tarakimu ya tatu ni 2, yaani Zen 2, usanifu wa 2019, viini vinne, na RAM yake imelehemiwa kwenye bodi. 5600U ni Zen 3, viini sita. Kijana mmoja hapa, mwerevu sana, aliniletea ile ya kwanza akiwa na furaha kwamba safari hii ameangalia kizazi. Nilikosa la kumwambia. Alifanya kila nilichomfundisha.

Na stika usiiamini. Stika ni karatasi, zinauzwa kwa ukurasa. Hata jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuandikwa upya na mtu anayejua pa kugusa. Zima mashine, iwashe, ubonyeze F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad, usome jina la prosesa humo BIOS. Muuzaji akikataa usiingie, rudisha pesa mfukoni uondoke.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo muuzaji wa Mombasa hawezi kukuuliza kwa sababu hajui nyumba yako iko wapi. Kila mama wa Lamu anajua chumvi ya jikoni ikiachwa wazi wakati wa masika hurowa mpaka ikashikamana. Chumvi hunyonya maji ya hewani, na unyevu ukipita kama asilimia 75 huyeyuka kabisa. Chumvi hiyohiyo inaelea kwenye upepo wa bahari, na feni ya laptopu inaivuta ndani siku nzima. Nikifungua mashine iliyokaa miaka miwili kwenye nyumba inayotazama bahari, kitu cha kwanza ninachotazama ni miguu ya tundu la chaja. Kwanza shaba hupoteza mng'ao, halafu huota unga wa kijani, mwembamba kama poda, unaotambaa kutoka mguu mmoja kuelekea mwingine. Usiku mashine imezimwa, unyevu unapanda, unga ule unakuwa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Wateja huniambia "ilikuwa nzima jana usiku." Ni kweli, ilikuwa nzima.

Kwa hiyo mtu wa Mkomani au Shela akiniuliza mashine gani, mimi huuliza kwanza inafunguliwaje. Mfuniko wa chini unaotoka kwa bisibisi ya kawaida, RAM ya kuchomeka, betri ya kubadilisha, diski ya kutoa. Mitumba ya maofisini kutoka Uingereza, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad, ziko hivyo nyingi, ndiyo maana nazipendelea kuliko laptopu mpya ya sandukuni yenye prosesa ya bei ya chini, Celeron N4020, viini viwili, na GB 64 za kuhifadhia zilizolehemiwa. Ile mpya inanukia vizuri na ina karatasi ya dhamana, lakini ikishajaa imejaa, na ikiingia kijani sina pa kushika. Isitoshe plagi ya Uingereza ndiyo plagi yetu, hakuna haja ya adapta.

Wanaouliza Mac: MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni kabisa, kwa hiyo haivuti upepo wa bahari, na kwa hilo naiheshimu. Ila RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayokufa nayo. Wanaouliza kompyuta ya mezani: kwa duka la kuchapa na kupiga picha za pasipoti, ndiyo, ni rahisi na naitengeneza nikiwa nimefumba macho, lakini nunua na UPS, betri ya kushikilia umeme, siku hiyohiyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi utanikumbuka.

Hapa nifike mahali ambapo mwenyewe sijatulia. Kwa wateja nimekuwa nikisema "kizazi cha nane au zaidi" kama amri, na sababu kubwa ni Windows 11, ambayo inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kisehemu cha usalama ndani ya mashine. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini mzazi akisimama mbele yangu na 15,000 tu, na nina i5-6300U ya kizazi cha sita, safi, SSD, GB 8, inayoandika na kufungua masomo bila taabu, nimwambie nini? Nimewahi kumuuzia mtu mashine hiyo na nikamweleza kwamba haipati tena masahihisho ya usalama kama inavyostahili. Alikubali. Kukubali kwake hakujanipa usingizi mzuri, maana najua ataingia kwenye akaunti ya benki kwa mashine ile. Baadhi nimewawekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inakwenda vizuri kabisa, kisha baada ya wiki mtoto anarudi kwa sababu mwalimu anataka Word yenyewe. Sina jibu moja hapo. Huuliza mashine itafanya kazi gani, nasikiliza, na mara nyingine nadhani nimekosea kwa upande huu, mara nyingine kwa ule.

Betri ya mtumba pia nisiipambe. Naipima, nasoma imebaki na uwezo kiasi gani, namwambia mteja. Nimeona yenye asilimia 80 ikafa baada ya miezi miwili na yenye 55 ikaendelea mwaka mzima. Weka kando pesa ya betri unaponunua, ndilo ninaloweza kusema kwa uhakika.

Yule mama wa Matondoni nilimtolea ile diski nikamwekea SSD ya GB 256, nikaongeza RAM ikafika 8, nikasugua tundu la chaja kwa spiriti na mswaki. Sasa inawaka kwa sekunde ishirini na tano. Nilimwambia wazi kwamba prosesa ni ya 2012 na itabaki ya 2012, na kwamba binti akitakiwa na chuo kuwa na Windows 11 asije akalazimishwa na mtu wa mtaani kuisukumiza humo. Aliniuliza, "Kwa hiyo walituibia?" Nilimjibu kwamba waliposema i7 hawakusema uongo. Alikaa kimya muda, akaikunja leso yake.

Jana amenipigia. Kaka yake yuko Mombasa, anatafuta ya mtoto wake mwenyewe, na muuzaji amemwekea mbili mezani. Nikasema asinitumie picha ya stika, aingie BIOS anitumie picha ya humo. Zikaja baada ya robo saa, zimepinda, na kidole kiko pembeni. Moja ilikuwa i7-6600U. Ya pili i5-8350U. Nikamwambia amwambie achukue hiyo ya pili, na kabla hajalipa afunguliwe mfuniko wa chini, ahesabu nafasi za RAM.