Vita vya kweli ndani ya gemu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Gemu ni burudani tu, haina haki ya kugusa misiba ya watu.

*This War of Mine*, gemu ya mwaka 2014 kutoka Poland, ilichochewa na mateso ya raia wa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, waliozingirwa kati ya 1992 na 1996. Mchezaji hapewi kikosi cha kuongoza. Anatafuta chakula na dawa, na kikipungua anaamua nani alale njaa. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka kati ya kazi za sanaa zinazopendekezwa kwa wanafunzi.

Dhana: Waliopigana wakihojiwa, gemu inasema kweli.

Inasema kweli yao. *Six Days in Fallujah*, iliyojengwa juu ya mahojiano na waliopigana, ilitangazwa mwaka 2009, Konami, kampuni ya Japani iliyokuwa iitoe, wakajitoa wiki chache baadaye kwa sababu ya malalamiko, kisha ikafufuliwa mwaka 2021. Inahusu mapigano ya Novemba 2004 katika mji wa Fallujah, Iraq, ambapo Marekani ilipoteza wanajeshi zaidi ya 90. Raia wa Iraq waliouawa wanakadiriwa kuwa mamia. Wakazi wengi walikuwa wamekimbia, lakini wanaume wa umri wa kupigana walirudishwa njiani. Marekani pia ilikiri kutumia fosforasi nyeupe, kemikali inayounguza, dhidi ya wapiganaji.

Kinachonikera zaidi ni nyumba. Kila ukianza upya, gemu inazipanga vingine, ili uonje hofu ya askari asiyejua kilicho nyuma ya mlango. Ni ufundi mkubwa, sikatai. Lakini nyumba isiyokaa na umbo moja haiwezi kuwa ya mtu. Hakuna chumba cha bibi, hakuna ukuta anaoukumbuka mtoto. Watengenezaji waliahidi sehemu ya baba Mwiraki asiye na silaha anayejaribu kuitoa familia yake mjini. Toleo la awali la Juni 2023 lilianza na kikosi cha askari wanne wa Marine wa Marekani.

Dhana: Vita vinaweza kusimuliwa bila siasa.

Mkuu wa kampuni inayotoa *Six Days in Fallujah*, Peter Tamte, alisema hawakusudii kuhukumu kama vita vile vilikuwa sahihi. Machi 2021 kampuni yenyewe ikakiri kwamba matukio hayo hayatenganishiki na siasa.

Dhana: Ukibuni jina la nchi, humdhulumu mtu.

*Call of Duty: Modern Warfare* ya 2019 ina nchi ya kubuni, Urzikstan, na “barabara ya mauti” ambako Warusi wanadaiwa kuua waliokuwa wakikimbia. Barabara iliyobeba jina hilo ipo: mwaka 1991 ndege za Marekani na washirika wake zilishambulia misafara ya Iraq iliyokuwa ikitoka Kuwait. Kijana anayeijua kwa gemu pekee atamtaja mkosaji asiye yeye. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko kuonyesha Fallujah waziwazi, kwa sababu Fallujah angalau imetajwa kwa jina lake, na mtu wa Fallujah anaweza kusimama na kuipinga.