Kisomaji bila taa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ndugu yako aliyeko Uingereza anakuja likizo na ameuliza akuletee kisomaji, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, cha aina gani. Au umekiona kimoja cha mtumba mtandaoni, bei imeporomoka mpaka unashuku kina ubovu. Mara nyingi ubovu hakina. Ni Kindle, kisomaji cha Amazon, ya kizamani isiyo na taa. Ukiomba ushauri utapewa mwingi, na sehemu kubwa yake imeazimwa kutoka kwenye simu na vishikwambi, vitu ambavyo mwanga wake hutoka kwingine kabisa.

Mimi niko upande wa taa, niseme mapema. Ila sababu ninazozisikia watu wakizitoa, za kuitaka na za kuikataa, nyingi hazisimami.

"Taa ya kisomaji ni ileile ya simu, itakuchosha macho"

Kioo cha simu hutoa mwanga chenyewe. Ama kuna taa nyuma yake zinazopenya kuja machoni, ama kila nukta inawaka yenyewe kama ilivyo kwenye skrini za OLED. Ukurasa wa kisomaji hauwaki. Ndani ya skrini yake kuna vifuko vidogo mno vilivyojaa chembe nyeupe na nyeusi, ndio unaoitwa wino wa kielektroniki. Umeme ukipita, chembe za rangi inayotakiwa hupanda juu na kubaki hapo, na ukurasa ukishatulia hauli umeme tena. Unauona kwa sababu kuna mwanga unaouangukia.

Taa yake nayo imewekwa kwa kufuata hali hiyo. LED ndogo zimepangwa ukingoni mwa fremu, na juu ya ukurasa kumelazwa utando mwembamba unaoubeba mwanga na kuumwaga chini, kwenye wino, kama taa ya barazani inavyomulika ukuta badala ya kukumulika usoni. Kinachofika jichoni ni mwanga ulioupiga ukurasa kwanza.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Kindle ya kwanza, ya mwaka 2007, haikuwa na taa. Mwaka 2008 Sony walijaribu kwa PRS-700, wakatia LED pembeni, na wasomaji wakalalamika kwamba skrini inaakisi na herufi zimefifia. Mambo yakakaa sawa mwaka 2012: ilitangulia Nook yenye GlowLight kutoka Barnes & Noble, kisha kabla mwaka haujaisha zikaja Kobo Glo na Kindle Paperwhite. Hata hiyo Paperwhite ya kwanza ilikuwa na LED nne tu, zote chini ya skrini, na ukiiwasha gizani unaona kabisa zilipo: madoa manne ya mwanga na vivuli katikati. Ile ya mwaka 2021 ina 17.

Macho hayachoki, basi? Yanachoka. Ukiipandisha taa mpaka mwisho kwenye chumba cheusi utaumia vilevile; ishushe mpaka ukurasa ulingane na chumba. Uchovu mwingine hauhusiani na taa hata kidogo. Mtu aliyezama kwenye kusoma hupepesa kope mara chache, macho yakakauka, na hilo halichagui kati ya karatasi na skrini.

"Karatasi haina taa, kwa hiyo wino wa kielektroniki nao hauihitaji"

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu inaonekana ina mantiki. Walioiuza teknolojia hii walisisitiza kwamba inafanana na karatasi, na watu wakachukulia kwamba palipo na mwanga wa kutosha kitabu, panatosha kisomaji.

Tofauti iko kwenye weupe. Karatasi nyeupe ya printa hurudisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga unaoiangukia. Skrini ya wino wa kielektroniki, hata zile nzuri, hurudisha kama asilimia 40 hadi 45. "Nyeupe" yake kwa hakika ni kijivu, na kuigundua unahitaji kuiweka kando ya daftari tu. Dirishani saa tano asubuhi hutaona shida, maana mwanga ni mwingi mno hata nusu yake inatosha. Hamia sebuleni jioni, balbu moja dari nzima, wewe umekaa kwenye kochi na kichwa chako kinatia kivuli: kitabu cha karatasi kinasomeka, kisomaji kinaanza kukuomba ukiinamie. Taa ikiwashwa kidogo tu kijivu kinapungua na herufi zinajitenga na ukurasa. Wenye visomaji vya taa wengi huiacha inawaka mchana kutwa wakiwa ndani ya nyumba, na hawajakosea.

Jambo hili ni zito zaidi kwa visomaji vya rangi. Kobo Clara Colour, Kobo Libra Colour na Kindle Colorsoft, vyote vya mwaka 2024, vina kichujio cha rangi juu ya wino, na kichujio hicho hunyonya mwanga kabla haujarudi kwako. Cha rangi bila taa, mimi nisingekipokea hata kwa zawadi.

Halafu kuna mahali unapoishi. Ndugu yako wa London anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba taa ni mapambo. Mwezi Juni kwao jua huzama baada ya saa tatu usiku. Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, iwe Juni iwe Desemba, saa moja jioni huwa giza limeshaingia au linaingia. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na kupambana na foleni hana mwanga wa jua wa kusomea, labda Jumapili.

"Kusoma kwenye mwanga hafifu kunaharibu macho, kwa hiyo taa ni lazima"

Walio upande wangu ndio wanaopenda hoja hii, na ni potofu. Mwaka 2007 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha orodha ya imani ambazo hata madaktari huziamini bila ushahidi, na hii ilikuwemo. Kusoma gizagiza hukaza macho, huyakausha, pengine na kichwa kikauma, lakini ukipumzika yanarudi. Hakuna aliyepofuka kwa kusomea kibatari.

Umri ndio unaobadilisha hesabu. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho inakuwa ngumu kujikunja kwa vitu vya karibu, na kadiri miaka inavyoenda mwanga unaofika ndani ya jicho unapungua. Mwenye miaka 60 hupata sehemu ndogo tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 wakiwa wamekaa meza moja. Kwa hiyo kama kisomaji ni cha mama au babu, usimpime kwa macho yako. Mtafutie chenye taa, kisha mkuzie herufi. Hilo la pili halina gharama na kila kisomaji kinaliweza, ila wengi hawaligusi kwa sababu aliyekileta hakuwaonyesha.

"Utafiti umeonyesha visomaji vyenye taa vinaua usingizi"

Utafiti upo. Ulifanyika katika hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, ukachapishwa mwishoni mwa 2014, na kichwa chake kilitaja visomaji vinavyotoa mwanga. Magazeti yakakimbia nacho. Ukiingia ndani unakuta kifaa walichopewa washiriki kilikuwa iPad. Washiriki walikuwa 12. Walisoma saa nne mfululizo kabla ya kulala, jioni tano, iPad ikiwa kwenye mwanga wa juu kabisa na chumba kikiwa na mwanga hafifu. Ikilinganishwa na kitabu cha karatasi, homoni ya usingizi ilichelewa kwa kama saa moja na nusu, na walichukua takriban dakika kumi zaidi kusinzia.

Ni matokeo ya kweli kuhusu kishikwambi kilichowashwa mpaka juu kwa saa nne. Kuyahamishia kwa mtu anayesoma kurasa kumi na tano kwenye kisomaji kilichofifishwa ni kuyavuta kwa nguvu. Bado kama unasoma mpaka usiku wa manane, tafuta kile ambacho taa yake inaweza kugeuzwa kuwa ya manjano. Kobo waliileta mwaka 2016 kwenye Aura One, Amazon wakafuata mwaka 2019 kwenye Kindle Oasis na mwaka 2021 kwenye Paperwhite. Kama hiyo inaleta usingizi zaidi siwezi kukuapia. Inapendeza machoni usiku, na kwangu hiyo ni sababu tosha. Kinachomnyima usingizi msomaji wa riwaya mara nyingi ni riwaya yenyewe.

"Taa inamaliza betri"

Inakula, lakini si kwa namna ya kukutisha. Kindle ya kawaida ya mwaka 2019, ya kwanza ya daraja hilo kuwa na taa, ilitangazwa kuwa betri yake hukaa hadi wiki nne. Soma maandishi madogo: nusu saa kwa siku, Wi-Fi imezimwa, taa kwenye kiwango cha 13 kati ya 24. Wiki nne za nusu saa ni saa 14. Anayesoma kwa muda wa saa mbili kila usiku ataichaji kila wiki, basi. Zima Wi-Fi kwanza kabla hujailaumu taa. Umeme ukikatika mtaani, saa hizo 14 zinakupitisha usiku kadhaa bila kuigusa power bank, ambayo simu inaingoja.

Wengine hugeuza ukurasa uwe mweusi na herufi nyeupe wakidhani wanaokoa chaji. Kwenye simu ya OLED wanaokoa, kwa kuwa nukta nyeusi imezimwa. Kwenye kisomaji LED za ukingoni zinawaka vilevile, ukurasa uwe mweusi au mweupe.

"Nitanunua kisicho na taa, nibanie kataa kadogo juu"

Inawezekana, na zamani ndivyo ilivyokuwa. Kindle ya mwaka 2010 iliuzwa na jalada la ngozi lenye taa ya kuchomoa pembeni, iliyonyonya umeme wa kisomaji chenyewe kupitia ndoano za jalada. Ila taa ya kubania huimulika kona moja zaidi ya nyingine, na ukikosea pembe inang'aa moja kwa moja kwenye skrini, ukawa unahangaika nayo badala ya kusoma. Itahitaji pia betri zake, au waya wake.

Kisha jaribu kuitumia ndani ya chandarua. Taa hizo humulika mto, ukuta na uso wa mwenzako aliyelala, na msimu wa mvua zikianza kutoka kumbikumbi, wadudu wote wa chumbani watakusanyika kwenye neti juu ya kichwa chako. Kisomaji kilichoshushwa taa mpaka karibu na chini humulika ukurasa na vidole vyako tu. Kwa wanaolala wawili kitandani, au wanne chumba kimoja bwenini, hili peke yake linamaliza mjadala.

Nani hasa hahitaji

Wapo. Maktaba ya shule inayofungwa saa tisa alasiri, ambako pesa ya taa inaweza kuongeza visomaji viwili vitatu. Mtu anayesomea barazani mchana. Juani taa huioni hata ukiiwasha. Wanaotaka kuandika kwa kalamu zaidi ya kusoma pia: reMarkable 2, daftari la kielektroniki la mwaka 2020, haina taa kabisa, na wanaoipenda wanasema herufi zinaonekana ziko karibu zaidi na ncha ya kalamu. Wao huandika mezani, penye taa.

Ukiamua kununua cha mtumba, usitegemee neno la muuzaji. Paperwhite zote zina taa, tangu ile ya 2012. Kindle Voyage na Oasis vilevile. Kindle za kawaida za 2014 na 2016 hazina, ingawa kwa umbo zinafanana sana na ya 2019 ambayo inayo, na hapo ndipo watu wanapouziwa moja kwa bei ya nyingine. Omba uishike. Ingia nayo chumba chenye giza, au jifunike nayo khanga kichwani dakika moja kama uko dukani, uache wacheke. Pandisha taa mpaka juu uangalie kama mwanga umeenea, kisha ishushe mpaka chini uone inafifia kiasi gani. Kwenye Paperwhite za mwanzo haizimiki kabisa, usidhani ni ubovu. Fungua kurasa kadhaa. Mstari au doa lisilohama ukurasa unapobadilika halitokani na taa, ni skrini iliyopasuka ndani, na kuibadilisha kutakugharimu karibu na bei ya kisomaji kingine.