Barua ya mwaliko isiyomwangusha mgeni wako

Ninaandaa ziara fupi za wageni wa kibiashara: mteja anayekuja kukagua mzigo, fundi anayekuja kufunga mashine, mkurugenzi anayekuja kutia sahihi mkataba na kuondoka kesho yake. Nikiletewa faili la mgeni aliyenyimwa viza, kabla ya kugusa taarifa zake za benki naomba kwanza kuona barua ya mwenyeji wake.

Mara nyingi imejaa sifa. Kampuni yetu ni kinara katika sekta hii, tunathamini sana ushirikiano wenu, tutafurahi mno kumpokea. Ofisa wa ubalozi anamaliza kuisoma na bado hajui mgeni anakwenda kufanya nini, atalala wapi, nani anagharamia, na atarudi kwao lini. Kwenye fomu ya kukataliwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, kuna sababu moja inayotokana na barua za aina hii: kwamba madhumuni na mazingira ya ziara hayakuthibitishwa. Mwenyeji anahoji, si barua ilipelekwa? Ilipelekwa, ila ilikuwa tupu.

Badala ya kuandika "anakuja kwa mazungumzo ya kibiashara", andika hivi: "Mhandisi huyu atakagua mashine mbili za kufungashia tulizonunua kwa mwajiri wake, na kuwaelekeza mafundi wetu watatu namna ya kuziendesha, kuanzia Jumatatu tarehe 9 hadi Alhamisi tarehe 12 Machi 2026. Mshahara wake unaendelea kulipwa na mwajiri wake. Sisi tunalipia hoteli na usafiri wa ndani." Sentensi tatu, na karibu kila swali la ofisa limejibiwa. Ambatisha nakala ya mkataba wa ununuzi, basi.

Japani wamelifanya jambo hili kuwa utaratibu kabisa. Kwa raia wa nchi zinazohitaji viza, mwenyeji huandaa barua ya sababu za mwaliko na ratiba ya siku kwa siku, na kama yeye ndiye anayebeba gharama, barua ya dhamana pia. Mimi hutengeneza ratiba ya namna hiyo hata kwa nchi ambazo haziitaki. Ukikaa kuijaza unagundua mapema kwamba Jumatano nzima haina shughuli, au kiwanda unachotaka kumpeleka kiko safari ya saa sita kutoka hotelini.

Mahali panapohitaji uangalifu kuliko pote ni shughuli yenyewe. Viza ya ziara ya kibiashara inaruhusu kukutana na watu, kujadili bei, kutia sahihi mikataba, kuhudhuria mkutano au maonyesho, kutembelea mitambo. Hairuhusu mgeni kushika nafasi ambayo kwa kawaida ingeshikwa na mwajiriwa wa hapo. Mtu akija wiki mbili kuketi kwenye dawati la mhasibu wenu aliye likizo, hiyo ni ajira, hata kama ni wiki mbili tu na hata kama hamumlipi senti. Ufupi wa safari hauibadilishi kazi kuwa ziara.

Mafundi wa mashine ndio wanaokaa mpakani mwa mambo haya mawili. Marekani, kwenye viza ya B-1, yaani viza yao ya ziara ya kibiashara, fundi wa kampuni ya nje anaweza kufunga au kutengeneza mtambo ambao kampuni yake imeuza, mradi mkataba wa mauzo unaitaja huduma hiyo na malipo yake yanatoka kwao. Kazi za ujenzi hazimo. Uingereza nao wana kifungu kinachofanana kwa wageni wa kawaida. Kwa hiyo kabla sijaandika neno lolote nauomba mkataba na kutafuta kama ufungaji umetajwa. Kama haukutajwa, nawaambia wenyeji watafute kibali cha kazi au waurekebishe mkataba wakati bado kuna muda. Na siandiki "mkutano" pale penye kazi ya spana. Anayeumia kwa uongo huo ni mgeni, maana udanganyifu kwenye maombi unaweza kumfungia milango kwa miaka.

Kuhusu pesa, mwenyeji asiahidi asichokijua uzito wake. Ujerumani, ukitoa tamko rasmi la dhamana mbele ya mamlaka ya wageni, unaweza kudaiwa gharama za kumtunza mgeni, matibabu yakiwamo, kwa hadi miaka 5. Hiyo si barua ya kutiwa sahihi na mtu wa mapokezi. Mwenye mamlaka ya fedha aisome. Upande mwingine, Marekani hawadai barua ya mwaliko kabisa kwa mwombaji wa B-1. Sheria yao inamchukulia mwombaji kuwa anataka kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo, kwa hiyo ajira yake, familia yake na shughuli zake za nyumbani zina uzito kuliko maneno yako. Barua bado inasaidia kueleza safari. Haiwezi kumfanya awe na sababu ya kurudi kama hana.

Anza mapema kuliko unavyodhani. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Hapo hujahesabu foleni ya miadi, wala nchi ambazo hazina ubalozi husika, ambako pasipoti inapaswa kusafiri kwanza. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Mgeni akibadilisha ndege njiani, angalia kama nchi hiyo nayo inamtaka viza ya kupita. Akihitaji chanjo ya homa ya manjano, cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na mwezi uandikwe kwa maneno: 03/04 ni Aprili kwa wengi na Machi kwa Wamarekani.

Namba ya simu iliyo kwenye barua iwe ya mtu anayeijua safari. Balozi hupiga simu kweli, na mpokeaji akijibu kwamba hamfahamu mgeni huyo, barua yote imepoteza nguvu.

Kama anabeba sampuli au vifaa vya kazi, uliza mapema kuhusu hati ya ATA, ambayo katika nchi zinazoitambua humwezesha kuviingiza kwa muda bila kulipa ushuru, mradi avitoe tena ndani ya mwaka mmoja. Bila hiyo viza inaweza kuwa safi kabisa na mashine ikabaki forodhani hadi siku ya mgeni kuondoka.

Viza pia haimhakikishii kuingia. Ofisa wa uhamiaji pale uwanjani ana mamlaka ya kuuliza upya. Mgeni ashike nakala ya barua, ratiba na tiketi ya kurudi kwenye begi la mkononi, na mwenyeji awe hewani saa ndege inapotua, hata kama ni saa tisa usiku.