Gari Uliloliuza Zamani: Namna ya Kulifuatilia Ukiwa Nairobi

Kazi yangu ni kukadiria thamani ya magari kwa niaba ya kampuni za bima, benki na watu binafsi hapa Nairobi. Mara kwa mara hunijia mtu asiyetaka makadirio yoyote, bali anataka kujua gari alilouza miaka mingi iliyopita limeishia wapi. Mmoja huulizia Peugeot 504 ya marehemu baba yake, mwingine Datsun pikapu iliyobeba maziwa hadi watoto wakamaliza shule, mwingine Corolla ya kwanza aliyoinunua alipopata ajira. Ombi hilo hunipendeza, ila kabla ya yote humweleza mwenye kuuliza kwamba sajili ya magari haikuwekwa ili ituonyeshe gari lilipo, bali ili ituonyeshe nani atakayewajibishwa kwa ajili yake. Asiyeielewa tofauti hiyo hulipa ada, akapata jina, kisha akadhani amelipata gari.

Kenya ina jambo moja linalomsaidia sana mtafutaji, nalo ni kwamba kwa kawaida nambari ya usajili hubaki na gari hata likipita mikononi mwa wamiliki kumi. Katika majimbo mengi ya Marekani muuzaji huondoka na bamba lake, na ndiyo maana huko watu hufuatilia magari kwa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, ambayo mpangilio wake uliwekwa sawa kwa magari yote kuanzia yale ya mwaka 1981. Uingereza, nambari hukaa na gari kama kwetu isipokuwa mwenyewe aombe kuihamisha, na zaidi ya hapo mtu yeyote anaweza kusoma bila malipo matokeo ya ukaguzi wa gari tangu mwaka 2005, pamoja na maili lilizokuwa limetembea kila lilipokaguliwa. Sisi hatuna daftari la wazi la namna hiyo, kwa hiyo inatubidi kuunganisha vipande vinavyotoka sehemu mbalimbali.

Kipande cha kwanza ni nambari yenyewe, na ni lazima iwe kamili. Mfumo wa sasa, wenye herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980; magari ya kabla ya hapo hayakuwa na herufi ya mwisho. Wazee wengi hukumbuka herufi tatu na tarakimu, kisha ile ya mwisho ikawaponyoka, na bila hiyo unaweza kupewa taarifa za gari usilolijua kabisa. Karatasi zikiwa zimepotea, tafuta picha za harusi. Sisemi hivyo kwa mzaha, kwani katika familia nyingi gari lilioshwa, likafungwa riboni na kupigwa picha kutoka mbele, bamba likionekana wazi kuliko uso wa bwana harusi.

Kipande cha pili, ambacho mimi hukiamini zaidi, ni namba ya chasisi. Kuna magari ambayo nambari zake za usajili hubadilika kwa halali: gari la ubalozi lililouzwa kwa raia huacha bamba lake la kidiplomasia, na gari la serikali lililouzwa mnadani huacha nambari yake ya GK. Anayeulizia gari la namna hiyo kwa nambari ya zamani atagonga mwamba, lakini chasisi haibadiliki. Injini nayo usiitegemee sana. Nairobi ni mji wa injini zilizotolewa Japani. Gari la miaka ishirini huenda limeshabadilishiwa injini mara moja au zaidi, na si kila mwenye gari aliyeenda kuyaandikisha mabadiliko hayo ingawa alipaswa kufanya hivyo. Rangi ni vivyo hivyo.

Namba za chasisi za magari mengi yetu hazifuati mpangilio wa herufi na tarakimu 17, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kabla ya kuletwa Mombasa yakiwa yametumika. Yana alama fupi ya modeli, kistari, kisha mfululizo wa tarakimu, na hapo ndipo lilipotoka lile jina la NZE, alama ya modeli ya Toyota Corolla, ambalo kila fundi wa Nairobi hulitaja bila kufikiria. Katika Corolla hizo namba imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na sehemu ya abiria. Katika magari makubwa yenye fremu, mara nyingi huwa kwenye upau wa fremu karibu na gurudumu la mbele. Ikiwa ulibaki na nakala yoyote ya logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, hata iliyofifia, namba hiyo imo.

Ukiwa na nambari kamili, ingia katika tovuti ya huduma ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kupitia akaunti yako ya eCitizen, uombe taarifa za gari. Ada ninayoilipa ni shilingi 550. Utapata jina la mmiliki aliyesajiliwa, chasisi, injini, aina ya bodi, rangi na mwaka wa kutengenezwa, na pia utaona iwapo benki au mkopeshaji ameandikwa kuwa mmiliki mwenza. Jina hilo umepewa kwa matumizi ya haki. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipitishwe, kulitangaza mtandaoni jina la mtu usiyemjua ukiomba umma ukusaidie kumpata ni jambo ninalomkataza kila anayeniuliza.

Kwa watafutaji wengi mshtuko huja hapo, kwa kuwa jina linalotokea ni lao wenyewe. Sababu yake inajulikana mjini kote. Kwa miaka mingi muuzaji alikuwa akitia saini fomu ya uhamisho, akaacha nafasi ya mnunuzi wazi, akakabidhi logibuku na kuondoka na fedha zake. Mnunuzi naye, kwa kukwepa ada au kwa kuwa alikuwa dalali aliyepanga kuliuza tena mwezi uleule, aliipitisha fomu hiyo hiyo kwa mwingine, na gari likapita kwa watu watatu au wanne huku sajili ikiwa imelala. Siku hizi uhamisho huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake na kukubaliwa na mnunuzi katika yake, kwa hiyo desturi hiyo imepata pigo, lakini magari yaliyouzwa kabla ya hapo yangali na majina ya watu waliokwisha kuyasahau.

Jambo hilo ni zito kuliko hamu ya kujua, na ndiyo maana mimi humsihi kila aliyewahi kuuza gari atafute taarifa zake hata kama halikumbuki kwa mapenzi yoyote. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinakataza gari lililobadili mmiliki kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Gari likimgonga mtu huko lilikoenda, hati ya mashtaka ya madai itaanza kwa jina lililo katika sajili. Mahakama zetu zimekubali ushahidi mwingine wa umiliki, hasa mkataba wa mauzo na uthibitisho wa malipo, lakini ni wewe utakayelipa wakili wa kuuwasilisha. Ukiona jina lako bado lipo, tafuta mkataba, uiandikie NTSA, na ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.

Ikiwa jina ni la mtu mwingine, kuna sehemu mbili ambazo watu wachache huzifikiria. Ya kwanza ni hukumu zinazochapishwa mtandaoni na Kenya Law. Kesi za ajali zimejaa nambari za magari, kwa kuwa kila dai hulazimika kulitaja gari lililohusika, mahali palipotokea ajali na tarehe. Andika nambari yako ya zamani katika sehemu ya kutafutia, kwa nafasi na bila nafasi kati ya herufi na tarakimu, na usishangae kugundua kwamba gari lako la familia lilipata ajali kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa, likiwa la mtu usiyemjua. Ya pili ni Gazeti Rasmi la Serikali. Chini ya sheria ya kuuza mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, mwenye gereji aliyeachiwa gari anaweza kuliuza baada ya kutoa notisi, na notisi hizo hutaja nambari za usajili. Magari yaliyotelekezwa katika vituo vya polisi nayo hutangazwa hivyo kabla ya mnada. Kwangu mimi gazeti hilo limeyamaliza maswali mengi ambayo sajili iliyaacha wazi.

Baada ya karatasi hubaki watu. Magari ya hapa huwa na mwelekeo: huanza maisha Nairobi au Mombasa, na yakizeeka huuzwa kwenda miji midogo na mashambani, ambako pikapu hubeba ndizi na makaa na gari la saluni hugeuka kuwa teksi ya soko. Zile Peugeot 504 za familia, hasa zenye bodi ndefu, nyingi ziliingia katika biashara ya kubeba abiria wa safari ndefu. Kwa hiyo ukijua mnunuzi wako wa kwanza alikuwa mtu wa wapi, umeshapunguza nusu ya kazi. Fundi aliyelihudumia gari mwishoni ni shahidi bora kuliko dalali, kwani dalali hukumbuka bei ilhali fundi hukumbuka chuma; atakuambia mlango uliokuwa umegongwa na kama amewahi kuuona tena.

Gari lililopata ajali kubwa hufuata njia nyingine. Bima ikiona kwamba kulitengeneza kunagharimu kupita kiasi, humlipa mwenye gari na kuuza mabaki, na mabaki hayo huweza kurudi barabarani. Ninapokagua gari la namna hiyo hutazama michomeleo chini ya zulia, na pia pale namba ya chasisi ilipogongwa, kwa sababu nimewahi kukuta magari mawili yaliyokatwa na kuunganishwa kuwa moja. Mtafutaji anayefika hapo inabidi aamue mwenyewe ni nusu ipi anayoiita gari lake.

Yasiyorudi barabarani huvunjwa. Milango, taa na gia huishia katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado huiita Grogan, au kwa mafundi wa Kariobangi, na kinachobaki huuzwa kwa kilo. Biashara hiyo ina sheria yake tangu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa muda baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena kwa masharti ya leseni. Chuma hicho huyeyushwa viwandani na kutoka kikiwa nondo za ujenzi. Kisheria mwenye gari anapaswa kuomba lifutwe katika sajili, lakini wengi hawaombi, na hivyo gari linaweza kuwa limemwagiwa zege ndani ya nguzo ya ghorofa huku NTSA ikiendelea kulionyesha kuwa ni saluni nyeupe. Ukipata taarifa za gari kuukuu ambazo hazijaguswa kwa miaka mingi, bila mkopo wala uhamisho, usikimbilie kuamini kwamba lipo.

Machache husalimika, na ya aina za zamani hupatikana zaidi mikononi mwa wapenzi wa magari. Maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa kila mwaka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, ni mahali pazuri pa kuulizia, kwa sababu hapo wenye magari hupenda kueleza historia zake na wengi hujua nani ana gari gani.

Ukimpata mmiliki wa sasa, usiende nyumbani kwake bila taarifa. Gari limekuwa chambo cha wizi mara nyingi sana Nairobi, na mgeni anayefika langoni akitaja nambari ya gari huogopesha. Mtume fundi wake au mtu mnayefahamiana nyote, ujieleze kwa adabu: «Mzee, mimi ni mtoto wa aliyelimiliki gari hili kabla yako, sidai chochote, ninaomba tu kuliona.» Mpe zawadi ya picha za zamani ikiwa unazo, kwa kuwa historia iliyothibitishwa huliongezea thamani gari la kikale, na hilo nalisema kama mkadiriaji. Endapo unataka kulinunua tena, mwache mtu mwingine ajadiliane bei, ulinganishe kwa macho yako chasisi iliyogongwa na iliyo katika logibuku, na uombe upya taarifa za NTSA siku ile ile ya kulipa, kwa sababu mkopo unaweza kuandikishwa juu ya gari kati ya mazungumzo na malipo.