Gari dogo kwenye kioo cha pikipiki si lazima liwe mbali

Madereva wengi wa bodaboda huamini kuwa gari likionekana dogo kwenye kioo cha pembeni, bado liko mbali, basi wanahama njia. Hapo ndipo watu wanapogongwa. Vioo vingi vya pikipiki vimebinuka kidogo kwa nje ili vionyeshe eneo pana, na mbinuko huo hupunguza ukubwa wa kila kitu. Lile gari liko karibu kuliko unavyoliona.

Na kama nusu ya kioo imejaa kiwiko chako, hata huo upana umeupoteza. Kaa kwenye siti kama unavyoendesha, geuza kioo kwa nje mpaka ibaki ncha ya bega tu, kisha kaza nati. Kabla ya kuhama, geuza shingo pia: ubavuni kuna sehemu kioo hakifiki.